Uso wa Lodu

Atlabara, Juba
14 Mei 1978

Mdogo wangu Fortunato,

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Mimi pia nakusalimu, lakini barua hii usiisome mbele ya watu.

Mvua zimeanza mapema mwaka huu. Wiki iliyopita nilitaka kulitoa sanduku la Baba chini ya kitanda cha Mama nilipeleke mahali pakavu. Nilipolinyanyua likawa jepesi. Unakumbuka tulivyolibeba kwa zamu tukikimbilia mpakani Nimule, wewe unalia kwamba linakukata mabega? Sasa naliinua kwa mkono mmoja. Mchwa walipanda kutoka sakafuni, wakaingilia pale bati lilipoliwa na kutu, wakala kuanzia chini kwenda juu.

Vilivyobaki nimevianika juu ya mkeka. Cheti cha Baba cha kazi kimebaki nusu ya juu, kwa hiyo bado inajulikana kwamba alikuwa mpishi kwenye meli ya mtoni, ila yale maneno kwamba alikuwa na tabia njema yameliwa. Postikadi aliyotuletea kutoka Kosti imebaki daraja tu, mto haupo. Kadi yako ya ubatizo ipo, imetoboka katikati. Ya kaka yetu Lodu ni vumbi. Kadi ya mgao wa chakula tuliyopewa kambini Uganda ni nzima kabisa. Hiyo hata mchwa hawakuitaka. Vifungo vya shaba vya koti la Baba vipo. Tiketi zetu za kivuko cha Pakwach sizioni.

Hayo yote ningeyavumilia. Jambo lenyewe ni picha ya Lodu.

Unajua ilivyokuwa imetundikwa juu ya kitanda cha Mama. Paa lilivuja, maji yakaingia nyuma ya kioo, picha ikagandamana na kioo. Niliona doa limeanza begani kwake, nikafikiri nikiliacha litafika usoni. Mama alikuwa kanisani. Nikafungua fremu, nikaanza kuibandua polepole kwa ncha ya kisu. Kiti kikatoka. Mkono ukatoka. Shati likatoka. Uso ukabaki kwenye kioo. Nikasema niulowanishe kidogo, ukayeyuka chini ya kidole changu kama utando wa maziwa. Sasa nina shati jeupe lisilo na mtu.

Mama hajui. Jicho lake la kulia limekwisha kufungwa na mtoto wa jicho, na la kushoto linaona kama kwa nyuma ya pazia, lakini kila asubuhi alikuwa anasimama pale na kumgusa. Nimemwambia fremu imeoza, nimeipeleka kwa Emilio seremala.

Fortunato, ile picha Lodu aliipiga huko huko Kampala, kwa yule Mgoa, Bwana Sekeira, kabla hajarudi porini kupigana. Wapiga picha hutunza negativu. Nenda ukaulize. Kaburi lake hatulijui, na hatuna kitu kingine chenye uso wake.

Dada yako,
Natalina


Kampala
11 Juni 1978

Dada Natalina,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Tombe dereva. Nashukuru hukuipeleka posta. Nimeisoma nyuma ya duka kama ulivyoagiza, na niliporudi kwenye cherehani Mogga, mwenzangu tunayeshona naye, akaniuliza ni nani amekufa.

Ungeiacha ikauke pamoja na kioo chake. Lakini usijilaumu mno. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, tena kwa pupa zaidi. Hivyo vilivyosalia visiguse ardhi tena. Weka kwenye rafu, na miguu ya rafu uisimamishe ndani ya makopo ya mafuta ya taa. Majani ya mwarobaini yanafaa, yamejaa kila mahali huko kwenu.

Nimekwenda kwa Bwana Sekeira. Yeye aliondoka mwaka ule Waasia wote walipofukuzwa, na sikutegemea kumkuta, ila nilifikiri vitu vyake vitakuwepo. Pale sasa pana duka la magodoro. Mwenye duka alikuwa amelala juu ya mali yake.

"Iko shida gani, sebo?"

"Natafuta picha za Bwana Sekeira."

"Ile Mugoa? Alienda zamani. Mimi nauza godoro."

"Alikuwa na masanduku ya negativu. Sanduku hata moja halikubaki?"

Akaniambia yako kwa shemeji yake huko Mengo, nirudi siku nyingine. Basi nitarudi. Wewe mwambie Mama fremu nzuri haitengenezwi kwa haraka.

Nduguyo,
Fortunato


Atlabara, Juba
16 Julai 1978

Fortunato,

Mambo yamezidi kuwa mabaya. Jumamosi nimetoka sokoni, Mama hayupo nyumbani. Majirani wakasema ameshika fimbo yake ameelekea kwa Emilio. Nilikimbia na kikapu kichwani. Nikamkuta ameketi kwenye benchi la karakana, ananusa mbao.

"Emilio," anasema, "mwanangu yuko wapi?"

Emilio hajui lolote. Sijawahi kumpelekea hata msumari. Akanitazama mimi niliyesimama mlangoni nahema, na sijui aliona nini usoni mwangu, maana alimgeukia Mama akamwambia, "Malesh, samahani Mama. Gundi haijakauka. Ukimchukua leo utamharibu."

Mama akamshukuru. Njiani akaniambia, "Yule kijana ni fundi wa kweli, hana haraka."

Kwa hiyo sasa tunaomdanganya tumekuwa watatu, na mmoja wetu hata hakuombwa. Kutwa nzima napiga taipu barua za wakubwa ofisini na hazina kosa, halafu narudi nyumbani nashindwa kutamka sentensi moja.

Rafu nimeiweka kama ulivyosema. Jana nikaona kadi yako ya ubatizo imeota ukungu mweusi. Nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, taratibu, na jina lako likatoka pamoja na ukungu. Kila ninachotaka kukiokoa ndicho ninachokimaliza. Nimeamua nisiguse kitu tena.

Umekwenda Mengo? Nijibu upesi. Anauliza kila siku kama gundi imekauka.

Natalina


Kampala
20 Agosti 1978

Dada,

Imepatikana. Tombe anakuja nayo, iko katikati ya vipande viwili vya kadibodi, mwambie asiipinde. Kile kiti na lile pazia la nyuma hutaviona. Negativu ilikuwa na mikwaruzo mingi, na aliyeisafisha ameona bora atoe kifua na uso tu. Haikuwa safi sana, ina ukungu kidogo, lakini ndiye.

Mpe Mama bila kumweleza mengi. Ukiitia kwenye fremu acha nafasi kati ya picha na kioo. Kazi ni nyingi, siwezi kuandika zaidi.

Fortunato


Atlabara, Juba
10 Septemba 1978

Fortunato,

Tombe alifika nikiwa ofisini. Ningekuwepo mimi, bahasha ile isingefika mikononi mwa Mama. Tombe ni mtu mwema, alitoka Sherikat, ng'ambo ya mto, kwa miguu baada ya safari yote ile, akaifungua mwenyewe akamwambia, "Mama, mwanao huyu hapa." Niliporudi, uani palikuwa pamejaa wanawake wanapiga vigelegele, na Mama katikati yao ameisogeza picha kwenye jicho lake la kushoto mpaka pua inagusa karatasi.

"Natalina," akasema, "kumbe alikuwa amenenepa kidogo huko Kampala. Zamani sikuona."

Wote wakacheka. Nikaipokea ili niitazame. Nilikujua kabla sijafika penye mwanga. Huo ufa kwenye nyusi yako ya kulia uliupata ulipoanguka na baiskeli ya padri kule Masindi, na mimi ndiye niliyekushika kichwa ukishonwa. Lodu hakuwa na alama yoyote usoni.

Umewezaje? Kila jioni Mama anawasha mshumaa. Anamwombea marehemu Lodu raha ya milele huku amekuelekea wewe, na wewe unapumua, unakula, unashona suruali za watu. Mimi nimepiga magoti nyuma yake naitikia Amina. Naogopa.

Nilitaka kumwambia siku ile ile. Lakini usiku huo alimaliza sahani nzima ya chakula, jambo ambalo hajalifanya tangu mvua zianze. Kesho yake akanipa picha na kalamu, akataka niandike jina nyuma ili lisije kupotea. Nikaandika: Lodu. Kwa mwandiko wangu.

Krismasi usije. Sitaki usimame kando ya picha hiyo majirani wakiwatazama nyote wawili. Acha kwanza mambo yapoe.

Natalina


Kampala
8 Oktoba 1978

Dada yangu,

Una haki ya kukasirika. Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mara ya kwanza sikukueleza kweli.

Hakuna shemeji wa Mengo. Yule mwenye magodoro alinijibu siku ile ile. "Tulichoma, sebo. Ilitoa moshi nyeusi sana, watoto ilikohoa." Akanipeleka nyuma ya duka akanionyesha mahali penyewe. Majani yameota. Nikachokora kwa kiatu, nikapata kibati kimoja cha kutilia filamu, kitupu. Nilisimama pale nikitafuta maneno ya kukuandikia, nikayakosa, ndipo nikamtunga huyo shemeji.

Nilidhani utamwambia Mama mwenyewe, yaishe. Halafu ikaja barua yako ya Emilio. "Mwanangu yuko wapi?" Siku hiyo nilishona mfuko wa koti la mteja ukaelekea chini. Mogga akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akanitazama kidogo, akasema, "Si mlikuwa mnafanana?" Akavua shati lake jeupe akanipa.

Tulikwenda kwa kijana mmoja anayepiga picha za vitambulisho. Nilimwomba aitoe yenye ukungu, akaudhika. "Watu wanakuja hapa kutafuta sura zao, wewe unataka kuipoteza yako?" Mogga akambembeleza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia Mogga. Nilipoketi mbele ya kamera nilitaka nitazame kama Lodu alivyotazama. Sikuweza kukumbuka. Nilikuwa mtoto alipoondoka, Natalina. Kumbe miaka yote hii nilikuwa naikumbuka picha, si mtu, na hata picha yenyewe nilipofumba macho niliona shati na kiti tu. Alikuwa anatabasamu? Alitazama pembeni? Nikaacha kujaribu. Nikakaa nikamfikiria Mama tu, na hiyo ndiyo sura aliyoletewa.

Krismasi sitakuja, kama ulivyosema. Nitakuja Pasaka. Nimeanza kufuga ndevu, ili nikisimama chini ya picha ile nisifanane nayo.

Mdogo wako,
Fortunato


Atlabara, Juba
26 Novemba 1978

Fortunato,

Hasira zimeniisha, sijui ziliisha lini.

Siku ya Marehemu Wote Mama alikubeba mpaka kanisani Kator. Hakukubali niishike mimi. Ulipita barabara nzima umelala kifuani kwake, na kila tuliyekutana naye alisimamishwa aangalie. Padri aliposoma majina ya marehemu, Mama aliinua picha juu ya kichwa chake kama mtu anayeitwa kwenye mgao. Nililia, na watu walidhani namlilia Lodu.

Uliniuliza alitazama wapi. Nadhani alitazama mbele moja kwa moja. Nadhani. Nimejaribu kumkumbuka kitandani, ofisini, njiani, lakini siku hizi nikifumba macho yananijia macho yako. Mwanzoni sisi wawili tulikuwa tunamficha Mama. Sasa naona hata mimi sina tena ninachokificha.

Redio inasema vita vimeanza huko mpakani kusini mwa Uganda. Tombe anasema hata malori ya kutoka Gulu yanapungua. Usingoje Pasaka. Njoo sasa, na ndevu au bila ndevu. Habari ya picha nitamweleza mimi, nitatafuta maneno. Wewe njoo tu.

Natalina


Kampala
11 Machi 1979

Dada,

Barua yako ya Novemba nimeipata juzi. Imefunguliwa na kubandikwa tena. Tombe hajaonekana huku tangu Krismasi ipite.

Ningekuja, lakini kila lori linalokwenda kaskazini linachukuliwa na wanajeshi. Mogga nami tunalala dukani. Watu wa mtaa huu walikuwa wananiita Fundi. Sasa wananiita Msudani, kwa sababu askari wengi wa huyu mkubwa ni watu wa kwetu, na sisi tusio askari hakuna anayetutenganisha nao. Hawajatugusa. Wanatutazama tu tukichota maji.

Tukipata gari tutaondoka hata bila cherehani. Barua hii usimsomee Mama. Mwambie kazi ni nyingi.

Ndevu zimeota vizuri.

Fortunato


Yei
3 Juni 1979

Kwa Dada Natalina,

Hatujaonana, lakini jina langu labda umelisikia. Mimi ni Mogga, niliyekuwa nashona pamoja na Fortunato Kampala. Sasa niko Yei kwa wajomba zangu. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila siku nilitumaini atatokea, aandike mwenyewe.

Tulitoka Kampala mwezi wa nne, mizinga inasikika nyuma yetu. Tulitembea, tukapanda gari, tukashushwa, tukatembea tena. Pakwach tukapata lori linalokwenda Arua. Tulikuwa tumekwisha kupanda. Kulikuwa na mama mmoja chini na mtoto mgongoni, amemshika mwingine mkono, analia, hakuna anayemtazama. Fortunato akashuka, akawapandisha.

Nikamwambia, "Wewe una wazimu? Panda!"

Akasema, "Tangulia, Mogga. Nakuja na la nyuma."

Nilingoja Arua mpaka watu wenyewe wa Arua walipoanza kukimbia. Lori la nyuma halikufika.

Dada, mpakani Kaya watu wa kanisa wametenga ukuta wanakobandika picha za waliopotea. Wanaopita hapo ni wengi sana, wanatoka kila njia. Jina peke yake halisaidii, maana wengi wamebadilisha majina njiani. Wanataka sura. Najua picha ipo moja huko kwenu. Shati lile ni langu.

Najua pia inaitwaje huko nyumbani. Sijui nikushauri nini. Itume tu, kama unaweza.

Mogga


Atlabara, Juba
17 Juni 1979

Ndugu yangu Mogga,

Asante kwa kunieleza yote. Picha ndiyo hii.

Barua zote za Fortunato nilikuwa namsomea Mama kwa Kibari, lugha yetu, na palipotisha au palipotaja picha niliruka. Ya kwako sikuruka kitu, isipokuwa yale maneno ya mwisho kuhusu picha iliyoko kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho mikono yake imekaa mapajani. Nje watu walikuwa wanapita na vyombo vyao, maana hata Juba sasa imejaa waliokimbia kutoka huko.

"Wanataka picha ya Fortunato," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Tunayo?"

Mogga, nilikuwa nimejiandaa. Maneno niliyapanga tangu barua yako ilipofika, nikayarudia njiani kutoka ofisini kama sala. Nikafungua mdomo, nikasema, "Hatuna, Mama."

Akanyanyuka. Akapapasa ukuta mpaka akaifikia picha, akaitoa kwenye msumari, akaifuta kwa kanga yake. "Hawa walitoka tumbo moja," akasema. "Mpeleke huyu akamtafute mdogo wake. Watu wakimwona watasema, tumekutana na mwenye sura kama hii."

Nikasema, "Mama, ikipotea je?"

"Lodu amekufa," akasema. "Fortunato hajafa. Nimekaa na aliyekufa vya kutosha."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nyuma utaona nimeandika Lodu. Usilifute. Jina la Fortunato liandike kwenye karatasi nyingine uibandike chini, ili picha ikirudi irudi kama ilivyotoka. Waambie Kaya kwamba sasa ana ndevu.

Mama hataki ukuta ubaki wazi, lakini amekataa nitundike kitu kingine. Asubuhi anaugusa msumari.

Natalina


Yei
29 Julai 1979

Dada Natalina,

Keti kwanza.

Nilikwenda Kaya mwenyewe, nikaibandika kwa mkono wangu. Ilikaa pale muda bila mtu kusema lolote. Kisha padri wa pale akaniita. Kuna mwanamke anaitwa Betty, wa kwetu, aliyekuwa anauza chai Arua. Alisimama mbele ya ukuta akaweka kidole kwenye picha, juu ya nyusi. Akasema, "Huyu. Ila alikuwa na ndevu."

Nilimhoji sana, Dada, nikitaka akosee. Hakukosea. Mwezi wa tano watu waliokuwa wanakimbia walijihifadhi kwenye madarasa ya shule moja njia ya Koboko. Fortunato alifika hapo kwa miguu, ana jeraha pajani. Betty hakujua alilipataje, na yeye hakutaka kusema. Lilikuwa limekwisha kuharibika. Alikuwa na homa, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Mtoto wa Betty alikuwa na gauni lililochanika mgongoni wakati wa kukimbia; Fortunato akaomba sindano, akalishona akiwa amelala, kwa mkono, na Betty akanionyesha. Ni mshono wake. Nimekaa naye miaka, naujua.

Alikuwa anasema anakwenda Juba kwa mama yake. Hakukuwa na dawa wala gari. Betty alimpa uji, mwisho akawa haumezi. Alifariki asubuhi, wanaume waliokuwa wanapita wakasaidia kumzika kando ya shule, upande wa jikoni. Betty alisimama pale mpaka wakamaliza. Amesema nikuambie hilo, kwamba hakuzikwa peke yake.

Picha nairudisha pamoja na barua hii. Karatasi ya jina nimeitoa. Ningependa kukuletea mwenyewe lakini sina nguvu za kumtazama Mama.

Nisamehe kwa kupanda lile lori.

Mogga


Atlabara, Juba
19 Agosti 1979

Ndugu yangu Mogga,

Picha imefika. Kona moja imekunjika, basi. Na wewe usiombe msamaha tena kwa ajili ya lori. Mama amesema aliyekuambia utangulie ni mwanawe mwenyewe, naye alikuwa na akili zake.

Nilimwambia siku ile ile, bila kuruka kitu. Aliuliza kama aliumia sana, nikasema Betty alimpa uji. Aliuliza gauni la mtoto lilikuwa la rangi gani. Sikujua. Akanitaka nirudie sehemu hiyo ya kushona, nikairudia, akanitaka tena. Kisha akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata ilipokuja habari ya Lodu, na wanawake wa Atlabara wakaja na mikeka yao.

Misa ya kumwombea ilikuwa Jumatano. Kabla haijaanza padri alisema ni vizuri picha ya marehemu iwekwe mezani mbele ya altare. Mama akamjibu, "Baba, huyu hatuna hata moja. Kaka yake ndiye aliyepigwa picha." Basi ikawekwa meza na kitambaa cheupe na mshumaa, hakuna kitu kingine. Nilikaa safu ya mbele, picha imo ndani ya mkoba wangu, magotini. Misa nzima nilishika kufuli la mkoba. Sikufungua.

Jana watu walipokwisha kuondoka, Mama akaniambia nimrudishe Lodu ukutani. "Amefanya kazi yake," akasema, "amechoka." Nikapanda kwenye kigoda. Yeye akashika mguu wa kigoda nisianguke.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

Yote yalikuwa mdomoni, Mogga. Nikiyasema, kwa neno lile lile anampata Fortunato na kumpoteza Lodu, na Lodu hatampata tena popote, hata kichwani mwangu hayupo. Nisipoyasema, atakufa akiamini mtoto wake wa mwisho hakuacha sura duniani, ilhali analala chini ya sura hiyo kila usiku. Nilichoweza kusema ni hiki tu:

"Mama, hawa wanao walifanana sana."

Akanyoosha mikono nimpe picha. Akaisogeza kwenye jicho lake, karibu kabisa, akaitazama sana, huku akipitisha kidole gumba juu ya uso.

"Kidogo," akasema, akanirudishia niitundike. "Fortunato alikuwa mzuri zaidi."

Dada yako,
Natalina